Mbwa Anayemaliza Karai

Hoja: Mbwa jike wa kulinda mbuzi, katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Ikungi mkoani Singida, anakunywa maji na kukojoa kupita kiasi. Atafutiwe chanzo, au aondolewe? Wazungumzaji ni wa kubuni. Maradhi wanayoyabishania si ya kubuni.

JIRANI: Nianze mimi, maana ndimi niliyempelekea mwenyekiti wa kitongoji malalamiko. Yule mbwa ana kichaa. Mbwa mzima hamalizi karai la maji kisha akarudi kulilamba kabla jua halijapanda. Usiku anakojoa hadi kwenye kizingiti changu. Julai hii, mvua tumeshaisahau, mimi nakanyaga tope mlangoni! Nina wajukuu wanaotambaa. Mzee mwenzangu, mwondoe kabla hajang'ata mtu.

MFUGAJI: Umemwona akitokwa udenda? Akiyumba? Akimrukia mtu?

JIRANI: Nikingoja nione hayo nitakuwa nimechelewa.

BWANA MIFUGO: Mzee ana haki ya kuogopa, ila dalili aliyoishika siyo. Mbwa mwenye kichaa koo na taya humshinda, kumeza kunakuwa taabu, na udenda unamwagika kwa sababu hauendi chini. Ile habari ya kuogopa maji ni ya binadamu aliyeng'atwa. Mbwa haogopi maji. Huyu anameza karai zima. Hata hivyo kichaa hakipimwi kwa dalili moja. Alichanjwa lini? Na kuna mbwa mgeni au mbweha aliyemng'ata miezi ya karibuni?

MFUGAJI: Kadi yake ninayo. Alichanjwa mwaka jana, tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, mlipoleta chanjo pale ofisi ya kata. Kung'atwa, hajang'atwa.

BWANA MIFUGO: Basi kichaa kikae mwisho wa orodha, lakini kisitoke kwenye orodha. Akianza tabia ngeni mfungieni, msimguse mdomo, mniite.

JIRANI: Haya. Kama si kichaa ni kisukari. Sisimizi wanajaa pale anapochuchumaa.

MWENYE DUKA LA DAWA: Mnapenda maradhi makubwa! Nani hapa asiyejua maji ya Singida? Ziwa Singidani na Kindai pale mjini ni chumvi na magadi, na visima vyetu vingi maji yake yanakwaruza ulimi. Mbwa akinywa maji ya chumvi kiu haimwishi. Ongeza vichwa vya dagaa anavyotupiwa, ongeza jua. Halafu lile jiwe la chumvi ninalowauzia kwa ajili ya mbuzi, nimewaona mbwa wakililamba kwa macho yangu.

BWANA MIFUGO: Hoja nzuri, tena kwa mbwa mwingine ingetosha. Lakini mfugaji huyu ana mbwa watatu. Kisima kimoja, ugali mmoja, jua moja, jiwe moja. Hao wengine wana kiu?

MFUGAJI: Hata kidogo. Ni huyu tu.

MWENYE DUKA LA DAWA: Labda ndiye mlafi wa jiwe.

BWANA MIFUGO: Labda. Liinueni juu ya dari la banda siku mbili tuone. Halina gharama.

MCHOTA MAJI: Nimewasikiliza wanaume mkihesabu karai kana kwamba linajijaza lenyewe. Maji ya nyumba hii nachota mimi. Dumu la lita 20, foleni tangu saa 11 alfajiri, na pampu ikigoma nashuka hadi kwenye kisima cha kuchimba kule mtoni na kungoja maji yajae kwa kata. Simchukii mbwa. Fisi akija usiku, huyo ndiye anayeniamsha. Lakini kila anayesimama hapa kusema "achunguzwe" aseme pia nani atachota wakati wa kuchunguza.

MFUGAJI: Mama watoto, si tutasaidiana.

MCHOTA MAJI: Tangu lini?

BWANA MIFUGO: Mama, shahidi tunayemhitaji kuliko wote ni wewe. Uniruhusu nikuulize kwa vipimo. Mbwa hunywa kama mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku. Jua, kunyonyesha na chakula kikavu huongeza. Ikipita 100 kwa kilo, hatuzungumzii jua tena. Huyu nilimnyanyua juzi, ana kilo 15 hivi. Ile chupa ya maji ya dukani, ya lita moja na nusu: akiimaliza kwa usiku na mchana yuko mpakani, akiomba ya pili kuna ugonjwa, au kuna dawa.

MCHOTA MAJI: Chupa moja? Jana nilimwekea kwa kopo la lita, kwa kuwa karai limetoboka. Makopo manne mpaka magharibi. Na sijahesabu aliyoiba kwenye beseni la vyombo.

MWENYE DUKA LA DAWA: Na wenzake je? Hawakunywa humo humo?

MCHOTA MAJI: Alikuwa amefungwa bandani peke yake. Wenzake waliondoka na mbuzi.

BWANA MIFUGO: Lita nne kwa kilo 15. Habari ya dagaa naona tuifunge.

JIRANI: Mnahangaika bure. Ondoeni maji jua likizama. Asipokunywa hatakojoa, na kizingiti changu kitakauka. Ndivyo tulivyokuwa tukifanya.

MFUGAJI: Nilishajaribu usiku mmoja.

BWANA MIFUGO: Ikawaje?

MFUGAJI: Alikojoa vilevile. Alfajiri nimemkuta kalala ubavu, ulimi umekauka kama ngozi ya ngoma. Nilipompa maji akayatapika.

BWANA MIFUGO: Msirudie. Nasema hivi mbele ya wote, msirudie. Tunadhani mbwa anakojoa kwa sababu anakunywa. Mara nyingi ni kinyume chake: figo zimeshindwa kubana maji, mkojo unatoka mwingi na mwepesi, ndipo anakunywa kuziba pengo. Ukimnyima, mkojo hausimami. Unachofanya ni kumkausha, na kama figo ndizo mbovu, usiku mmoja kama huo unaweza kuzimaliza. Kuna mbwa wachache wanaokunywa kwa tabia tu, lakini hao huwatambui mpaka umeondoa mengine yote, na kipimo cha kumnyima maji hufanywa na daktari aliyesimama karibu na mizani. Hakifanywi na mtu aliyelala.

JIRANI: Basi sisimizi? Hilo hujalijibu.

BWANA MIFUGO: Sisimizi nawaheshimu. Mwaka 1889 huko Strasbourg, Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimtoa mbwa kongosho. Mbwa aliyekuwa na adabu ya kukojoa nje akaanza kukojoa ndani, tena mkojo usioisha. Minkowski hakumchapa, aliupima mkojo na kukuta sukari. Ujuzi wa binadamu kwamba kisukari kinaanzia kwenye kongosho umetokana na mbwa aliyechafua sakafu. Kwa hiyo, mzee, uko kwenye njia ya wakubwa. Ila sisimizi wa kiangazi huja hata kwenye unyevu. Kitakachotuambia ni kijiti cha mkojo, kile kile kinachotumika zahanati. Kwa sukari, kijiti cha binadamu kinafaa kwa mbwa. Kile kisanduku chake kinachosema mkojo ni mzito au mwepesi msikiamini, kwa mbwa kinadanganya. Uzito huo unataka kifaa chake cha kioo. Mkojo wa mbwa mzima aliyehitaji kubana maji hupita uzito wa 1.030. Ukikaa kati ya 1.008 na 1.012, figo zinayapitisha tu, haziyakazi wala haziyalegezi. Ukishuka chini ya hapo, figo zenyewe huenda ni nzima ila kuna kitu kinazikataza kubana.

MFUGAJI: Mkojo wa mbwa jike utaupataje?

BWANA MIFUGO: Asubuhi, wa kwanza. Anatembezwa kwa kamba. Akichuchumaa tu unateleza kifuniko cha ndoo kutoka nyuma, kile bapa chenye ukingo. Ukitumia kikombe ataruka. Vijiko viwili vinatosha.

MCHOTA MAJI: Na atakayeteleza kifuniko ni mimi pia, naona.

MWENYE DUKA LA DAWA: Kijiti kinauzwa, kifaa cha kioo huna, damu ipelekwe maabara ya serikali Dodoma, zaidi ya kilomita 200. Bwana Mifugo, tuambizane ukweli. Huu ni utafiti wa mbwa wa matajiri wa Masaki. Hapa mbwa analishwa ukoko. Mtu hana bima yake mwenyewe, unamwambia apeleke damu ya mbwa kwa basi?

BWANA MIFUGO: Sijasema Dodoma bado. Robo tatu ya kazi ni maswali. Kwa mfano hili: amepewa dawa gani mwezi huu?

(Hapa mwenye duka alikohoa, kikohozi kirefu kuliko vumbi lililokuwepo.)

MFUGAJI: Alikuwa anajikuna mpaka damu. Nikaenda dukani. Akachomwa sindano, akachomwa tena, nikapewa na vidonge vyeupe vya kusagia kwenye ugali.

BWANA MIFUGO: Sindano gani?

MWENYE DUKA LA DAWA: Deksamethazoni. Na vidonge ni predinisoloni. Na kabla hujaninyooshea kidole: wewe una kata nzima na pikipiki inayolala kwa kukosa mafuta. Mtu amekuja na mbwa anachuruzika damu. Nimwambie akusubiri mpaka lini? Mbwa alilala usingizi usiku ule ule. Muulize.

MFUGAJI: Kweli, alilala.

BWANA MIFUGO: Sibishi. Zinatuliza mwasho haraka, ndiyo maana zinapendwa. Lakini dawa za jamii hiyo ndizo moja ya sababu za kwanza kabisa tunazouliza mbwa akianza kunywa hivi. Zinaizuia figo kusikia amri ya kubana maji. Zinaongeza kiu, njaa na mkojo. Zikitumika muda mrefu zinamfanya mbwa awe na tumbo la chungu na manyoya yanayonyonyoka, sawasawa na mbwa ambaye tezi zake za juu ya figo zimejaza mwili homoni zenyewe.

MWENYE DUKA LA DAWA: Basi umenisaidia! Kama ni dawa yangu, hakuna ugonjwa. Dawa inapunguzwa kidogo kidogo, kwa kuwa najua haikatwi ghafla, tunangoja wiki mbili, kiu inaisha. Hakuna kijiti, hakuna Dodoma, hakuna kuua. Tusubiri.

JIRANI: Wiki mbili za kizingiti changu?

MWENYE DUKA LA DAWA: Mzee, wiki mbili ni bei nafuu kuliko uhai wa mbwa.

MCHOTA MAJI: Hesabu yako haikai. Kiu ilianza kabla ya sindano.

MWENYE DUKA LA DAWA: Una uhakika gani?

MCHOTA MAJI: Uhakika wa shingo. Tulikuwa tunapiga alizeti, mwezi wa sita. Nilikuwa nabeba dumu moja la watu wa shambani na moja la nyumbani, likawa halitoshi, nikamlaumu mtoto kwamba anamwaga. Kumbe ni mbwa. Wakati huo alikuwa hajikuni. Kujikuna kulikuja alizeti ikiwa imeshaingia kwenye magunia, na baba ndipo akaja dukani kwako.

MFUGAJI: Ni kweli. Magunia yalishafungwa.

BWANA MIFUGO: Hapo umebadilisha kesi yote, Mama. Dawa inaweza kuwa imezidisha, lakini haikuanzisha. Sasa swali lingine, mnisamehe kwa kuwa tuko na wazee. Madume walimfuata lini?

MFUGAJI: Mei, mwishoni. Lango lilivunjwa.

BWANA MIFUGO: Alishika mimba?

MFUGAJI: Sijaona. Tumbo limejaa kidogo, lakini mbavu zinaonekana. Nilidhani ni mimba.

BWANA MIFUGO: Aliwahi kuchomwa sindano ya kuzuia asizae?

MFUGAJI: Hapana.

BWANA MIFUGO: Anakula?

MCHOTA MAJI: Juzi ugali aliunusa akauacha kuku waule. Na anajilamba sana nyuma.

BWANA MIFUGO: Mwenye kisukari kwa kawaida anakula sana huku anakonda, angalau mwanzoni, na macho huweza kuingia ukungu. Huyu chakula kimemshinda. Kijiti nitakiweka hata hivyo, maana kisukari cha mbwa jike nacho hupenda kujitokeza wiki chache baada ya joto. Lakini hofu yangu sasa ni kizazi. Jike asiyefungwa kizazi, amepita umri wa ujana, mwezi mmoja hadi miwili baada ya joto, anakunywa, anakojoa, hataki kula, tumbo linajaa: kizazi kinaweza kuwa kimejaa usaha. Sumu ya vijidudu vile inaizuia figo kubana maji, ndiyo kiu hiyo. Mlango wa kizazi ukiwa wazi utaona uchafu unatoka, naye anaulamba kabla hujauona. Ukiwa umefunga huoni kitu, na huo ndio mbaya zaidi kwa sababu usaha hauna pa kutokea.

MWENYE DUKA LA DAWA: Kama ni usaha, ni kazi yangu. Oksitetra ya siku tano.

BWANA MIFUGO: Dawa ya vijidudu peke yake kwa kizazi kilichojaa mara nyingi ni kuahirisha. Anapata nafuu kidogo, mwenye mbwa anashukuru, wiki inayofuata anaanguka. Na ile deksa uliyompa inazidi kuushusha ulinzi wa mwili. Tiba yake ni kukitoa kizazi. Ndiyo maana "tusubiri wiki mbili" yako inanitisha. Kama ingekuwa dawa tu, kusubiri ni tiba. Kama ni kizazi, kusubiri ni kumuua taratibu.

JIRANI: Na kumuua haraka ndicho nilichosema tangu mwanzo. Mmezunguka mkarudi kwangu.

BWANA MIFUGO: Hatujarudi, mzee. Ulisema auawe kwa kichaa ambacho hana. Sasa nisikilize wewe mwenye wajukuu. Ipo sababu nyingine ya kiu hii ambayo sijaigusa: leptospira. Mnakumbuka Homa ya Mgunda, Julai 2022, kule Ruangwa mkoani Lindi, watu walipoanza kutokwa damu puani na kufa kabla haijajulikana ni nini? Ndiyo hiyo. Wanaibeba panya, na mbwa anaweza kuipata, ikamharibu figo na ini, akaitoa kwenye mkojo. Tuseme umeua mbwa bila kupima, na kumbe ilikuwa hiyo. Panya wa ghala lako la alizeti wamebaki, tope la kizingiti limebaki, na mtu pekee aliyekuwa akikupa taarifa umemzika.

JIRANI: Unanitisha ili mbwa aishi.

BWANA MIFUGO: Nakutisha ili umwage majivu pale mlangoni, pakauke, watoto wavae ndala, na mkojo wake usiguswe kwa mikono mitupu, kuanzia leo, kabla ya kipimo chochote. Mbwa kuishi ni habari nyingine.

MFUGAJI: Basi tuizungumze hiyo habari nyingine. Upasuaji utaufanya wewe?

BWANA MIFUGO: Siruhusiwi. Mimi nina stashahada. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 imetenganisha kazi ya daktari aliyesajiliwa na ya msaidizi wake, na tumbo si la kwangu. Nitampigia daktari wa mifugo wa wilaya. Atapapasa tumbo, ataangalia, na kama kuna chombo cha kupiga picha mjini tutampeleka.

MFUGAJI: Kwa fedha gani?

JIRANI: Hapo ndipo. Mbwa mmoja! Wapo watoto wa mbwa wanagawiwa bure kila baada ya mvua. Chukua wawili, walee, mwakani wanabweka. Mtu mwenye akili hafanyi operesheni kwa kitu kinachogawiwa.

MFUGAJI: Mwakani. Na usiku wa leo? Msimu uliopita fisi aliingia kwako akachukua mbuzi watatu, kwangu akageuka langoni. Mtoto wa mbwa humfundishi kumgeuza fisi, anafundishwa na mama yake. Huyu ndiye mama. Sisemi nampenda, neno hilo mtanicheka. Nasema ana kazi, na mfanyakazi akiugua huulizwa anaumwa wapi kabla ya kufukuzwa.

JIRANI: Huulizwa na mwenye uwezo.

MFUGAJI: Tutauza majogoo wawili. Malori ya kuku wa Dar es Salaam yanapita Alhamisi.

MCHOTA MAJI: Majogoo wa nani?

MFUGAJI: Wa nyumbani.

MCHOTA MAJI: Kuku ni wangu, baba. Mbuzi ni wako, na mbwa anayelinda mbuzi ni wako. Ada ya shule imo kwenye mabawa yale. Sijasema hapana. Nasema nisiuze jogoo kwa neno "huenda". Bwana Mifugo ametaja kizazi, kisukari, figo, Mgunda na dawa ya huyu ndugu. Nataka orodha ifupishwe kwanza, kwa vitu ambavyo havinigharimu jogoo.

BWANA MIFUGO: Mkojo kesho asubuhi, kijiti natoa mimi. Homa leo hii, kipimajoto ninacho mfukoni. Nitambonyeza tumbo taratibu, kwa kuwa kizazi kilichojaa kinaweza kupasuka. Vidonge vipungue kwa utaratibu nitakaouandika. Maji yawepo muda wote, hata usiku.

MWENYE DUKA LA DAWA: Na damu?

BWANA MIFUGO: Itegemee tutakachokiona. Nikikuta homa, tumbo gumu na uchafu, sitangoja Dodoma.

MCHOTA MAJI: Na ikiwa ni figo za uzee?

BWANA MIFUGO: Hapo nitakuambia usiuze kuku. Figo zilizokufa hazirudi. Nitakueleza namna ya kumpunguzia taabu, na ikifika hawezi kunywa wala kusimama, tutamlaza kwa sindano, si kwa rungu. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 haimruhusu mtu kumtesa mnyama, hata akiwa wa kwake.

JIRANI: Na ikiwa ni kizazi?

BWANA MIFUGO: Basi nitamwomba Mama auze kabla ya Alhamisi, kwa bei ya hapa hapa, hata kama ni ya hasara.

MCHOTA MAJI: Nitaona mwenyewe hicho kijiti kinabadilika rangi gani. Na kesho alfajiri wakati mimi nateleza kifuniko, baba atakuwa kwenye foleni ya kisima na dumu.

MFUGAJI: Mimi?

MCHOTA MAJI: Saa 11. Uwahi, wa mbele wakijaza mapipa hakuna kinachobaki.